Nilimpima Binti Yangu Kiuno, Sikumuuliza Panapouma

Mshauri wangu mpendwa, nakusalimu, na kabla hujanijibu naomba usinicheke wala usinifiche ukweli, maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi, watu wa karibu nikiwaeleza wananiambia yatapita tu, na mimi naona hayapiti, yanazidi.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, mume wangu ni dereva wa lori na kwa mwezi analala nyumbani siku sita au saba. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo karakana yangu, kina cherehani mbili, meza ya kukatia na pasi, na sare za wasichana wa sekondari ya hapa jirani nashona mimi mwaka wa tisa huu, tena sketi zangu zinasifiwa, mkanda wa kiunoni nauwekea kitambaa kigumu kwa ndani ili usimame vizuri na sketi isiteleze, shule inapenda hivyo. Kwa hiyo wasichana wa shule ile nawajua kwa viuno kuliko kwa sura. Mama akija na sketi ya binti yake akaniambia "niongezee kidogo hapa kiunoni, mtoto amenenepa siku hizi," mimi napokea sketi, nanyamaza, lakini moyoni nimeshajua, na miezi ikipita kila mtu anajua. Ndiyo maana nina msemo wangu ambao wateja wote wanaujua: futi haidanganyi.

Binti yangu wa kwanza ana miaka kumi na sita, nyumbani tunamwita Kifungo kwa sababu alizaliwa mdogo kama kifungo cha shati. Tangu avunje ungo miaka mitatu iliyopita, kila mwezi siku mbili za kwanza tumbo linamshika, anajikunja, anatapika, anatokwa jasho la baridi, na mimi sitaki kukudanganya mshauri, nilikuwa naona anadeka. Mimi nilishona na tumbo hilo hilo, mguu uko kwenye cherehani na meno nimeyauma, mama yangu hakuniuliza na mimi sikumwambia, nikazoea, basi na yeye nilimwambia azoee. Tena nilikuwa na ushahidi. Mwaka ule ule Kifungo alipovunja ungo, wewe mwenyewe ulimjibu msichana mmoja katika safu yako hii, ukamwambia hivi: "Maumivu ya hedhi ni ya kawaida na hayajamuua mtu. Jishughulishe, zoea, ukishazaa yatakwisha." Nilikata kile kipande cha gazeti kwa mkasi wangu mkubwa, nikakibandika ukutani juu ya cherehani, na kila Kifungo alipolalamika nilikuwa namwonyesha kwa ncha ya mkasi namwambia, "Soma."

Sasa mwezi mmoja na nusu uliopita nilikuwa napiga pasi sare zake nikaona mkanda wa sketi umefumuliwa ubavuni, kama upana wa vidole vitatu, umefumuliwa kwa ustadi, uzi umetolewa mmoja mmoja bila kuchana kitambaa, na kwa ndani pameshikizwa pini mbili. Nikachukua sketi ya pili, nayo vivyo hivyo. Siku chache nyuma nilikuwa nimemkuta amelala sakafuni chini ya meza yangu ya kukatia, miguu ameiegemeza ukutani, macho amefumba, anahesabu polepole moja, mbili, tatu, nne, halafu anapuliza kama mtu anayepoza chai, na nilipomwuliza unafanya nini alisema "napumzika, mama," nikapita. Sasa nilipoona zile sketi nikaunganisha mambo mwenyewe, nikasema kumbe alikuwa anahesabu siku zilizompita.

Sikumuuliza. Nilimwambia asimame, nikazungusha futi, nikaangalia daftari la vipimo, kiuno kimezidi inchi mbili na nusu. Aliniambia, "Mama, si uniulize basi?" Nikamjibu, "Futi imeshaniambia." Nikampigia simu wifi yangu, tukampeleka zahanati sisi wawili, yeye katikati kama mwizi, na pale kwenye benchi watu wamejaa wifi yangu anasema kwa sauti ya kutangazia msiba kwamba watoto wa siku hizi wanatuzeesha kabla ya wakati, na majirani wawili walikuwepo, na Kifungo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kipimo cha mimba kikatoka hana kitu. Nesi akamuuliza kwa upole, na Kifungo akamjibu nesi, siyo mimi, kwamba tumbo lake hujaa siku moja kabla ya kuingia mwezini na ule mkanda mgumu unamkata, kwa hiyo anaufumua na kuupachika pini, na siku ya tano anaushona tena usiku mimi nikiwa nimelala. Akasema mwalimu wa maktaba ndiye aliyewafundisha wasichana, alipewa chumba kidogo kando ya maktaba akatandika mikeka kumi na miwili, msichana akishikwa na tumbo anaingia dakika ishirini, analegeza kila kinachombana, analala miguu juu au ubavuni magoti ameyakunja, anavuta pumzi kwa kuhesabu nne na kuitoa kwa kuhesabu sita, anakaza vidole vya miguu halafu anaviachia, mapaja halafu anayaachia, hivyo hivyo hadi mabegani, kisha anarudi darasani. Akasema tangu aanze hajakosa kipindi hata kimoja. Na kweli mshauri, sasa nikikumbuka, kutapika kulikuwa kumeacha, na mimi mama mtu sikuwa nimegundua.

Mtu mwenye akili angeomba msamaha palepale. Mimi nilipandwa na hasira, nadhani ni aibu ile ilinigeukia, nikasema kumbe huyo mwalimu wa maktaba ndiye anayewafundisha watoto kufumua sketi zangu na kulala mchana. Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao cha wazazi, na mwalimu wa nidhamu alikuwa amelileta hilo hilo la chumba, anasema wasichana wanakitumia kukwepa hesabu na usafi, akauliza kama kuna mama yeyote wa kusema. Nikasimama. Nilikuwa nimekibandua kile kipande chako nikakiweka kwenye pochi, nikakisoma mbele ya watu kama mia mbili, nikasema jamani mshauri mwenyewe amesema wazoee, sisi tulizoea. Walinipigia makofi. Chumba kikafungwa kesho yake, sasa kimewekwa madawati mabovu, na mimi nikarudi nikakibandika kipande chako pale pale ukutani. Kifungo alikuwa mmoja wa wanafunzi waliokuwa wanagawa maji ukumbini. Alisikia neno kwa neno.

Mwezi uliofuata ulikuwa mtihani wa majaribio, tumbo likamshika katikati ya karatasi ya hesabu, akalaza kichwa kwenye dawati akaanza kuvuta pumzi zake, mwalimu wa nidhamu akamwambia hapa si wodini, akamnyang'anya karatasi akamtoa nje, akawekewa sifuri. Wiki mbili sasa hajakanyaga shule. Mtihani wa mwisho unaanza baada ya wiki tano, na nikihesabu kwenye kalenda siku ya karatasi ya hesabu inaangukia siku zake. Nilipomwambia aende ajiandae alinijibu bila hasira yoyote, na hilo ndilo linaloniua: "Sifanyi mtihani, mama. Ninunulie cherehani ya tatu nikae hapa na wewe, nizoee."

Mtoto huyu alikuwa wa tatu darasani. Mume wangu nilimpigia nikamweleza yote, akasema, "Sasa wewe ulimuuliza mtoto?" Na mimi nina hasira mshauri, nina hasira na yule mwalimu wa nidhamu, nina hasira na wifi yangu, nina hasira na nafsi yangu, na usinichukulie vibaya, hata na wewe nina neno nawe, kwa sababu maneno niliyosoma yalikuwa yako. Niambie, hayo mambo ya kupumua na kukaza miguu yana kitu kweli au ni mchezo wa watoto? Na nifanye nini Kifungo arudi shule kabla wiki tano hazijaisha?

Ni mimi,
Mama Kifungo

*

MSHAURI ANAJIBU

Mama Kifungo, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikukasirikia wewe. Mara ya pili nilijikasirikia mimi, na hiyo ya pili bado haijaniisha. Lakini tuanze na wewe, maana zamu yangu inakuja na sitaikwepa.

Wewe ni mama mwenye mtoto aliyesema "niulize basi," ukamjibu kwamba umeshaongea na futi. Sikiliza, mwenzangu. Futi haidanganyi, nakubali. Lakini futi inajua namba tu. Haijui tumbo lililojaa gesi na maji siku moja kabla ya hedhi, haijui mkanda mgumu unaokata nyama, haijui msichana anayeamka usiku kushona tena alichofumua ili mama yake asikasirike. Hebu fikiria hilo la mwisho. Mtoto ana maumivu, na bado anarudisha mshono wako ulivyokuwa! Mwingine angechana kwa wembe akatupa. Huyu alitoa uzi mmoja mmoja kwa sababu ni binti wa fundi na anaheshimu kazi yako. Wewe ulipoona ustadi ule ulipaswa kujivunia, ukamwita wifi.

Na mumeo, aliye barabarani huko mbali, ameona kwa dakika moja kile kilichokuwa chini ya meza yako mwenyewe. Nakupa pole, lakini pole haifuti ulichofanya zahanati, na makofi uliyopigiwa kwenye kikao hayakufanyi uwe sahihi.

Huyo mwalimu wa nidhamu naye nina neno lake, na kwa kuwa gazeti hili linafika ofisi za walimu, alisome. Mwalimu, msichana aliyelaza kichwa akavuta pumzi taratibu alikuwa anajitibu ili amalize karatasi yako. Dakika kumi zingemtosha. Wewe ukampa sifuri. Mwanafunzi mwenye pumu akitoa dawa yake ya kuvuta mfukoni, nayo utamnyang'anya? Unasema wasichana wanakwepa hesabu. Huyu alikuwa ndani ya chumba cha mtihani wa hesabu, kalamu mkononi, ukamtoa mwenyewe! Sasa nani amemkwepesha hesabu hapo?

Haya, zamu yangu.

Kile kipande ni changu, siwezi kukikana. Nakumbuka siku niliyokiandika. Nilikuwa nimebakiwa na nafasi ya mistari minne chini ya ukurasa, na barua ya msichana wa miaka kumi na minne aliyejiita Ninayejikunja. Aliandika kurasa mbili, mwandiko mzuri, akaniuliza kama kuna namna ya kujipunguzia maumivu ili asirudi nyumbani katikati ya vipindi. Nilimjibu kama mtu anayefukuza nzi. Nikamwambia azoee, akishazaa yatakwisha. Mama Kifungo, mimi nimezaa watatu. Hayakukwisha. Nilijua hayakukwisha nilipokuwa ninaandika, nikaandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa mimi na ndivyo alivyoambiwa mama yangu, na mistari minne ilikuwa imejaa. Ndiyo yale uliyoyasoma mbele ya watu mia mbili. Chumba kile tumekifunga wawili, wewe na mimi, na funguo tutazitafuta wawili.

Sasa swali lako, kama mambo haya yana kitu. Yana kitu. Mfuko wa uzazi ni msuli, na siku hizo unajikaza ili utoe kilichomo. Msichana akiumwa na yeye anajikaza juu yake: anauma meno, anapandisha mabega, anazuia pumzi, na akiogopa kuchekwa au kufukuzwa anajikaza zaidi. Wewe ni fundi, nikuulize. Uzi wa cherehani ukikazwa kupita kiasi, kitambaa kinafanyaje? Kinajikunja. Huwa unakivuta kwa nguvu? Unalegeza uzi. Mwalimu wa maktaba alikuwa anawafundisha watoto kulegeza uzi, na aliwafundisha vizuri. Hakuondoi maumivu yote, na atakayekuahidi kuyaondoa yote ana kitu anakuuzia. Lakini kunapunguza, na kwa msichana aliye kwenye chumba cha mtihani, kupungua kidogo ni tofauti ya kumaliza karatasi na kutomaliza.

Ila dawa hii inataka mazoezi. Mtu hajifunzi kuogelea siku ya mafuriko. Kifungo afanye kila siku hata akiwa mzima, dakika kumi baada ya kutoka kuoga, ili mwili uzoee. Neno hilo "zoea" tulilitumia vibaya, acha sasa lifanye kazi halali. Alale chali, mkono mmoja chini ya kitovu, avute pumzi kwa pua hadi mkono uinuke, ahesabu nne, aitoe kwa mdomo taratibu akihesabu sita. Asilazimishe, akiona kizunguzungu arudi kwenye pumzi yake ya kawaida. Halafu kile cha kukaza na kuachia, kuanzia vidole vya miguu, kila sehemu akaze kwa hesabu ya tano, aachie, apumzike, apande juu hadi usoni, asisahau taya, maana wanawake wengi maumivu tunayafungia kwenye taya. Maumivu yakiwa makali apige magoti, akalie visigino, ainamishe kifua mapajani na mikono aitandaze mbele. Na akiwa na nguvu ya kutembea, atembee taratibu. Na akitaka kuimba kwa kuguna, mwache agune. Chumba cha mbele ni chako, lakini masikio ya wateja hayatapasuka.

Joto pia linasaidia sana, na hapa ndipo kazi yako inapoingia. Kwa mabaki ya vitambaa vya pamba, ambayo fundi hakosi, shona mifuko midogo, upana wa kiganja na nusu, mdomo wa kufunga kwa kamba. Pasha mchele mkavu kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ukigeuza, umimine mfukoni, ujaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako mwenyewe, kisha aweke juu ya nguo chini ya kitovu, dakika kumi na tano au ishirini. Usiwe wa moto wa kuunguza, tumbo la mtoto siyo shati la kupigwa pasi.

Na hiyo sketi! Miaka tisa unasifiwa kwa mkanda usioteleza. Wasichana wa shule nzima wanakatwa tumbo kila mwezi kwa sababu kitambaa kigumu kinasimama vizuri kwenye gwaride. Toa kile kitambaa kigumu, weka lastiki nyuma na kifungo cha pili cha akiba ubavuni. Utaniambia shule haitakubali. Shule haijui hata kilichomo ndani ya ule mkanda, anayejua ni wewe. Anza na sketi mbili za Kifungo, leo, kabla hajakuomba.

Jambo lingine usilifanyie mzaha. Msichana anayetapika na kushindwa kwenda shule anastahili kuonwa na mhudumu wa afya, na kupumua hakuchukui nafasi ya hilo. Mrudishe kwa nesi yule yule aliyemsikiliza, maana ndiye mtu mzima pekee aliyeuliza katika habari hii nzima. Zipo dawa za maumivu zinazofanya kazi vizuri zikimezwa mapema, kabla maumivu hayajapamba moto, lakini aambiwe na mtaalamu ni ipi inayomfaa na kiasi gani, siyo jirani wala duka la kona. Na kama damu inajaza pedi kila saa, au anazirai, au ana homa, au anaumwa hata siku ambazo hayuko mwezini, au kila mwezi unazidi uliopita, usisubiri wiki iishe. Mtu akikuambia azoee, mkatalie, hata akiwa ana safu gazetini.

Sasa la shule, na hapa sitaki unijibu kwamba unaona aibu. Ulizungumza mbele ya watu mia mbili, huwezi kutubu kwa kunong'ona jikoni. Nenda kwa mkuu wa shule kesho asubuhi, pitia kwanza kwa mwalimu wa maktaba umwombe radhi usoni, kisha mwende wote wawili. Peleka cheti cha maumivu utakachomwomba nesi. Omba mambo matatu: ile sifuri ifutwe, Kifungo akae karibu na mlango siku ya mtihani aruhusiwe kusimama na kujinyoosha akiwa na mfuko wake wa joto, na chumba kifunguliwe. Madawati mabovu yana mahali pengi pa kukaa. Halafu omba nafasi kwenye kikao kijacho cha wazazi, na kama kikao ni mbali, omba kiitishwe. Simama pale pale uliposimama. Soma kile kipande changu cha zamani, kisha usome na hiki, chote, pamoja na mahali niliposema kwamba nilidanganya. Usiruke hata mstari. Wakitaka kunipigia simu wanipigie, namba yangu iko chini ya ukurasa kama kawaida. Wifi yako naye alitangaza kwenye benchi la zahanati, akatangaze msamaha benchini, kwa sauti ile ile.

Na Kifungo. Usimpelekee haya yote kama orodha ya masharti ya kurudi shule, atakuona umekuja na futi nyingine. Usimwambie kwamba mtihani ni maisha yake, anajua kuliko wewe, ndiyo maana amekasirika hadi hana hasira. Alikuomba cherehani ya tatu. Mtoto yule hataki cherehani, Mama Kifungo, anataka usikie neno lako mwenyewe, "zoea," linavyosikika. Kibandue kile kipande akiwa anakuona, usikibandike tena, na hiki pia usikibandike, mimi siyo wa kukaa juu ya cherehani ya mtu. Mwambie, "Nilikukosea, sikukuuliza." Usiongeze "lakini." Najua ulimi utawasha, ung'ate.

Na wewe uliyejiita Ninayejikunja, kama bado unasoma gazeti hili: utakuwa na miaka kumi na saba sasa. Ulistahili ukurasa mzima, ukapewa mistari minne, na ile minne ilikuwa ya uongo. Nisamehe. Ukiweza, niandikie tena, barua yako nitaianza kusoma kabla ya zote.

Mama Kifungo, ukishamaliza kuomba msamaha, funga mlango wa mbele, wateja wasubiri. Lala chini ya ile meza ya kukatia ubavuni kwa binti yako, miguu ukutani, umwambie akufundishe kuhesabu nne na sita. Wewe pia umekaza meno miaka mingi. Mkiwa mmetulia, muulize lile swali ulilonyimwa na mama yako na ukamnyima na yeye: panauma wapi? Kisha nyamaza mpaka amalize. Futi iache mezani.